Rangi ya Boti Yako, Kulwa

Igogo, Mwanza

Kulwa,

Nimekaa kwenye benchi lako la kazi. Nimeianza barua hii mara kadhaa, na kila nikifika penye kuuliza hali yako, mkono unakataa. Basi leo naiacha salamu. Nikuambie tu kwamba tupo. Mkeo Leah yupo. Mtoto anakohoa lakini anakula. Baba yuko Kisesa na ng'ombe wake. Na mimi pacha wako nipo, ingawa watu wakiniita Doto sauti zao hukwama kidogo, maana walizoea kuanza na jina lako.

Boti yako imepakwa rangi. Uliiacha rafuni ikiwa mbao tupu kwa sababu hatukukubaliana tuipake kwa kifaa gani. Hujui ilivyokuwa baadaye, na hakuna mtu mwingine ninayeweza kumweleza akanielewa. Leah hutoka nje nikianza.

Nakumbuka siku uliyorudi kutoka karakana ya meli na sanduku lako la vifaa begani. Miaka hiyo Serikali ilikuwa inauza mashirika yake, inafunga, inapunguza, na hapa Igogo karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyepunguzwa kazi. Mimi nilikuwa nimeshatangulia; chama cha ushirika kilikuwa hakihitaji tena mpiga chapa. Wewe hukulalamika. Ulichukua mabaki ya mninga kwa fundi vitanda, ukaanza kuchonga boti ya urefu wa mkono, ukifuata vipimo vya boti kubwa ulizokuwa ukitengeneza, kila ubao umepunguzwa kwa kiasi kilekile. Hata misumari uliikata mwenyewe kutoka kwenye waya. Nilidhani umerukwa na akili. Kisha mwenye nyumba ya wageni akaitaka aiweke mapokezi, na meneja wa kiwanda cha samaki akaiona palepale mapokezi akataka yake. Ndivyo tulivyoanza. Wewe unajenga, mimi napaka rangi.

Baba alikuja mara moja tu kuona. Alisimama mlangoni, fimbo mkononi, hakuingia. Alisema mtu mzima anachonga vitu vya watoto, akauliza kama tumeshakula, akaondoka kwenda kulipanda basi lake. Ulicheka mbele yake. Alipoondoka ulipiga randa ubao mmoja mpaka ukaisha.

Mwanzoni nilipaka kwa brashi, na brashi iliacha michirizi ambayo kwenye boti kubwa huioni, lakini kwenye boti ya urefu wa mkono inaonekana kama makovu. Kisha maduka ya mjini yakajaa vitu vya Dubai, na kati ya redio na viatu vya plastiki yakaja makopo ya rangi ya kupuliza, yale ya magari. Nilipopuliza kopo la kwanza nilifurahi kama mtoto. Unatikisa, kile kigololi cha ndani kinagonga, unabonyeza, ubavu mzima umekuwa mweupe kabla hujavuta pumzi ya pili. Tulikuwa tunapaka nje, nyuma ya choo, na kuku wa jirani walikuwa wanarudi kwao na mabawa ya bluu. Umeme ulikuwa wa mgao lakini kopo halikujali. Lilikuwa na upepo wake ndani.

Halafu ukaleta ile kalamu.

Fundi mgeni aliyekuja kufunga majokofu ya kiwanda alikuwa amemaliza mkataba, anagawa vitu vyake. Wewe ukampa boti ndogo ya uvuvi, yeye akakupa kijisanduku. Ndani mlikuwa na kitu cha chuma kama kalamu, chenye kikombe mgongoni cha kutilia rangi na mrija wa kuletea upepo. Ukiibonyeza kwa kidole, rangi inatoka kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Uliishika siku nzima. Ulikula nayo iko pembeni ya sahani.

Na hapo ndipo tulipoanza kubishana, na hatukuacha.

Kalamu ilitaka upepo, upepo ulitaka kompresa, kompresa ilitaka umeme, na umeme haukuwepo. Ukabuni njia. Ulichonga kipande cha shaba cha kuunganisha mrija na vali ya gurudumu la gari, ukaazima gurudumu la pikapu lililojaa, na kweli kalamu ikapuliza. Lakini upepo ulikwisha sijamaliza hata ubavu mmoja. Tena rangi lazima ichanganywe na thina mpaka iwe nyepesi kama maziwa, na ukimaliza lazima uioshe sindano yake, la sivyo imeziba. Nilikuambia kazi ya asubuhi moja umeifanya ya siku mbili.

Ulinijibu, "Doto, kopo linafunika. Kalamu inapaka."

Ulichukua boti niliyoipaka kwa kopo ukanionyesha vichwa vya misumari yako vilivyozama ndani ya rangi, na mistari kati ya mbao iliyojaa mpaka haionekani. Nilikuambia hakuna mteja aliyewahi kutafuta misumari. Na sikukosea, Kulwa, hata leo nasema hivyo. Makopo ndiyo yaliyotulisha. Boti za wateja zilipakwa kwa kopo na zilipendwa.

Lakini boti ile ya mwisho haikuwa ya mteja. Ulikuwa unaijenga baada ya kazi, polepole, mfano wa boti ya mwisho uliyoitengeneza kule karakana kabla ya kupunguzwa. Uliiwekea mbavu zote ndani, hata zile ambazo zingefunikwa na sitaha zisionekane tena. Mtu akitaka kuinunua unasema haijaisha. Ulitaka niipake kwa kalamu. Mimi nikasema kwa kopo, au subiri mpaka mgao uishe. Ikakaa rafuni, kavu, inasubiri mmoja wetu achoke.

Basi ukaenda Kamanga, ng'ambo ya maji. Mwenye hoteli mmoja alitaka mfano wa kile kivuko cha zamani kilichofungwa ufukweni kule, na wewe hukuwa mtu wa kujenga kitu kwa kukiangalia kwenye picha. Ulivuka asubuhi na futi yako mfukoni. Wanasema ulipima mpaka ukaachwa na safari ya kurudi, ukaingia kwenye mtumbwi wa injini pamoja na watu na magunia ya mihogo. Katikati upepo ukageuka. Wimbi liliingia upande mmoja, watu wakakimbilia upande wa pili.

Mama mmoja aliyeokoka kwa kung'ang'ania dumu alitusimulia. Alisema ulikaa nyuma, na mtumbwi ulipopinduka alikuona ukiogelea. Alisema ulikuwa unaogelea vizuri.

Tulikutafuta. Baba mdogo Masalu alitoka Kisesa akakaa nami, tukatembea ufukwe kwa ufukwe, tukiuliza wavuvi. Kila tulipoambiwa kuna mtu ameonekana, tulikwenda. Nilifunuliwa shuka nikawatazama watu ambao si wewe, na kila mara nilishukuru, na kila mara niliona aibu, maana nyuma yangu alikuwa amesimama mtu ambaye huyo ni wake. Halafu wakaacha kutuita. Ziwa likatulia, watu wakaendelea kuvuka.

Msiba ulikuwa Kisesa. Shangazi alinikalisha ndani, akanikataza kulia kwa sauti, kwa sababu anaamini pacha aliyebaki akilia sana hufuata. Kwa hiyo sikulia, Kulwa. Usije ukadhani sikuumia. Niliuma kanga mpaka ikatoboka.

Tatizo likawa kaburi. Halikuwepo. Watu walilala pale uani, wakala, wakaimba, na hakuna aliyejua tunamaliza vipi. Mvua zilikuwa zimeanza, kila mtu analifikiria shamba lake. Baba mdogo akasema tufanye sala, watu watawanyike. Leah, ambaye alikuwa hajanena neno tangu mwanzo, akasema mbele ya wazee kwamba hawezi kuitwa mjane wa mtu ambaye hajui amelala wapi. Mchungaji akatazama chini. Alisema hana ibada ya kuzika sanduku lisilo na mtu.

Baba ndiye aliyeamua. Alisema, "Tutachimba. Mchungaji atasema atakachoweza."

Wakaulizana kitaingia nini. Leah akataja koti lako la kazi. Kisha akataja boti.

"Boti gani?" Baba akauliza.

Hakujua. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nilipewa ruhusa nije mjini kuichukua. Niliifunga kwa kanga, nikatia makopo mawili kwenye kikapu, jeupe na jekundu, na kijisanduku cha kalamu nikakichukua pamoja na rangi zake za chupa, thina na msasa, maana vyote vilikuwa rafu moja. Niliporudi Kisesa wanaume walikuwa wameshaanza kuchimba. Udongo ulikuwa umelowa, unashika majembe.

Nilikaa chini ya upenu wa nyumba ya Mama, Mungu amrehemu, boti iko mapajani, kopo mkono mmoja na kalamu mkono mwingine. Baba mdogo akanipitia. Alikuwa amechoka, hakuwa na ubaya. Akasema, "Mwanangu, kinakwenda chini ya udongo. Nani atakiangalia? Paka upesi, watu wanasubiri."

Alikuwa anasema maneno yangu mwenyewe, yale niliyokuwa nakuambia wewe miaka yote. Nikachukua kopo.

Nilipaka nyeupe juu. Ilikaa. Nikageuza, nikapuliza nyekundu kwenye tumbo la boti, na mvua ikaongezeka, hewa yote ikawa maji. Unajua kopo linavyofanya siku kama hiyo. Nyekundu ikapauka, ikawa kama imepitiwa na maji ya chokaa, kisha ikaanza kutiririka. Nikapuliza tena juu yake ili nifiche. Nilipoisimamisha kuitazama, ilikuwa boti nene, yenye michirizi, isiyo na ubao wala msumari. Ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Nikawaza kwamba hicho ndicho tutakachokufukia nacho, na kwamba hata humo shimoni hutakuwemo.

Nikachukua msasa nikaanza kuisugua. Sikumwambia mtu. Nilisugua rangi ikiwa bado mbichi, inashika, inaziba msasa, nachukua mwingine. Vidole vilichubuka mpaka sikujua wekundu upi ni wa rangi. Baba mdogo akaja akaona, akashika kichwa. Akaenda kumwita Baba.

Baba alikuja akasimama juu yangu kama alivyosimama siku ile mlangoni. Nilidhani ataniamuru niache. Badala yake alikaa chini, kwenye udongo, yeye na magoti yake yale mabovu, akanyoosha mkono. Nikampa. Aliishika boti karibu na macho. Alipitisha ukucha kwenye vichwa vya misumari vilivyokuwa vimeanza kujitokeza, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho wa ubavu. Akachungulia ndani, penye mlango wa sitaha, akaona zile mbavu.

"Hizi alizifunika?" akaniuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini aliziweka, kama anazifunika?"

Nilimwambia kwamba boti ya kweli inazo.

Akairudisha mapajani mwangu. Kisha akauliza ile kalamu inafanya nini, nikamweleza, pamoja na ubishi wetu wote. Nikamwambia inataka upepo wa gurudumu. Akainuka. Alimwambia Baba mdogo kwamba leo hatuziki, tunazika kesho, anayetaka kwenda shamba aende. Baba mdogo akaanza kusema, akamwangalia usoni, akaacha. Baba akavuka barabara kwenda kwa fundi wa pancha, akarudi analivingirisha gurudumu la pikapu kwenye matope, na kwapani ana pampu ya mkono, ile ya kusimama.

Kulwa, nakuapia. Baba alinipigia pampu.

Ilikuwa asubuhi iliyofuata, mvua imepumzika, jua limetoka kidogo. Nilichanganya rangi nyepesi kama ulivyonifundisha. Yeye anajaza, anachomoa pampu, mimi nachomeka mrija na kile kipande chako cha shaba, napuliza mpaka upepo unakufa, nampisha. Anajaza tena. Waombolezaji walitutazama. Vijana walikuja kumpokea pampu, akawakatalia. Shati lilimganda mgongoni. Nilimwambia apumzike, akasema nisimpoteze hesabu, ingawa hakuwa anahesabu chochote. Mara moja, akiwa ameegemea mpini wa pampu anatafuta pumzi, aliniuliza, "Ndiyo kazi aliyokuwa anafanya, hii?"

"Ndiyo, Baba."

"Mbona hakusema ni ngumu."

Nikachomeka mrija. Rangi ilikuwa inaingia. Ilikaa juu ya mbao nyembamba kama ngozi, na chini yake kila msumari ulionekana, kila mstari, hata mahali randa yako ilipoteleza ukaparekebisha. Nyeupe juu, nyekundu chini, na katikati ule mstari wa bluu uliokuwa umeuchora kwa penseli. Kalamu iliziba mara moja tu. Nikaisafisha sindano kwa thina na unyoya wa kuku, ikafunguka.

Tulipomaliza Baba alikaa chini. Ndipo alipolia. Hakujificha, hakufuta. Na shangazi hakunizuia tena.

Tulikuzika mchana, kama hiyo ndiyo kauli yake. Sanduku dogo, koti lako, na boti juu ya koti. Leah aliigusa sehemu ya nyuma, pale ulipokuwa umekaa kwenye ule mtumbwi, akaondoa mkono upesi. Mchungaji alisali, akasoma, mwishoni akasema neno la mavumbi kama kwa mtu yeyote, na nilimheshimu kwa hilo. Walipoanza kutupia udongo nilisikia madonge yanagonga sanduku, na sauti ilikuwa ya kitu chepesi. Kila mtu aliisikia.

Nilitaka nikuambie kwamba baada ya hapo moyo ulitulia. Haukutulia. Leah anakwenda kule karibu na kiwanda kununua mapanki, ile mifupa ya samaki inayobaki, anayakaanga barabarani, na akiona watu wanatazama ziwani anageuza jiko lake. Mimi napaka vibao vya saluni na maduka ya dawa. Pale mapokezi ulipoanzia wameweka meli ya plastiki ya Dubai, ina taa inayowaka, na boti yako imewekwa juu ya kabati. Karakana imepata mwekezaji, wanasema, lakini geti bado limefungwa. Baba huja mjini kila mwezi sasa. Anaingia humu ndani, anakaa kwenye benchi hili, anashika vifaa kimoja kimoja, anarudisha kila kimoja mahali pake. Tunaweza kukaa hivyo mpaka wakati wa basi lake. Kila akija anaangalia kama mrija wa kalamu haujapasuka.

Wiki iliyopita mwenye hoteli alikuja. Alikuwa hajui. Aliulizia kivuko chake cha Kamanga, nikamwambia fundi amefariki, na vipimo alikuwa navyo mwenyewe. Akatoa pole, akawa anaondoka. Na mimi nikasikia mdomo wangu unamwambia asiende kwa mwingine, nitamfanyia.

Sijui kuchonga kama wewe. Nimejaribu mbavu, zinapasuka. Nimetupa nyingi, nimeanza kupata moja moja. Lakini vipimo siwezi kuvikisia, na picha ungezikataa, kwa hiyo lazima nivuke. Tangu siku ile sijakanyaga chombo cha majini. Nikiteremka mpaka kwenye gati nageuka, narudi. Wewe ulijua kuogelea, Kulwa. Mimi sijui hata kuelea. Hilo ndilo linalonishinda kila nikifikiria, kwamba uliogelea, na uliogelea vizuri.

Jumatatu nakwenda. Baba amesema atakuja tuvuke pamoja, nimemwomba asubiri nyumbani na Leah, amekataa, kwa hiyo tutavuka wote wawili, yeye na fimbo yake na mimi na futi. Kuna mahali pale katikati, mtumbwi ulipopinduka, ambapo watu wa chombo wanapajua, watatuonyesha. Hatujapanga tutasema nini tukifika. Ninakuahidi kitu kimoja tu: sitafumba macho. Nitayatazama maji hayo njia yote, kwenda na kurudi.

Lala, ndugu yangu, popote walipokulaza.

Ni mimi,
Doto